Matone ya Njano

Kwa mwaka mmoja na nusu nilimdanganya baba yangu kila siku ya kazi, na muda wote huo nilijiona mtoto mwema. Nasema haya mapema ili mtu asije akanihurumia mahali pasipostahili. Wanaonijua, wakisikia habari hii, huniambia kwamba nilifanya vile kwa mapenzi. Ni kweli. Mapenzi ndiyo yaliyonipa uhodari wa kudanganya. Mtu nisiyempenda ningemwambia ukweli siku ya kwanza na nikaenda zangu kula.

Kazi yetu ni ndani ya magari. Injini hatuijui wala hatutaki kujuana nayo. Mtu akija na gari linalokohoa moshi tunamwelekeza mbele ya barabara, huko waliko wenye mikono myeusi. Sisi tunashughulika na pale binadamu anapokaa: viti, dari, dashibodi, paneli za milango, na zile plastiki zinazofunika nguzo za madirisha. Plastiki za rangi ya krimu zikipigwa jua miaka ishirini hugeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Gari linaweza kuwa la kifahari kiasi gani, likishafika hapo mwenyewe akifungua mlango anaona aibu. Ndipo anapomtafuta baba yangu.

Mtaani walimwita Jicho. Mafundi wengine wa kazi hii wana vitabu vya rangi, kurasa na kurasa za vipande vidogo, wanakaa wanavipekua kama wanafunzi wa usiku wa mtihani. Baba alivicheka. Yeye alikuwa na kucha. Kwanza alifungua kifuniko cha mkanda wa kiti, kwa sababu nyuma yake jua halifiki na rangi ya kiwandani hubaki vilevile. Halafu alichanganya rangi yake kwenye kopo: nyeupe nyingi, kisha matone, moja moja, ya njano, ya nyeusi, ya nyekundu, ya bluu, kwa kijiti cha kuchokolea meno. Akidhani amefika, alipaka tone kwenye kucha ya gumba la kushoto, akalipulizia likakauka, akaliweka kando ya ile plastiki iliyofichika. Kucha ikipotea, yaani isionekane inaishia wapi, rangi imeiva. Nilipokuwa mdogo niliona kucha ya baba yangu ikipotea hivyo mara mia, na kila mara nilidhani ni uchawi.

Na mimi, kwa kuwa nilifanya kazi ubavuni mwake tangu nimalize shule, mtaa ukaniita Mtoto wa Jicho. Aliyeanza ni fundi wa betri, jirani yetu wa mkono wa kulia, domo kaya ambaye akikosa wateja hula mtaji wake kwa kuongea. Kila asubuhi nikifungua mlango alitangaza kwamba mtoto wa jicho amefika, wenye macho wajihadhari. Kila mtu anajua mtoto wa jicho ni ugonjwa, ule unaotia ukungu kwenye mboni. Watu walicheka, Baba alicheka kuliko wote, na mimi nilicheka nao miaka kumi na tisa.

Kosa la kwanza lilikuwa paneli ya mlango ya kijivu. Mama alikuwa amefariki miezi minne kabla, na Baba alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula tena kama watu. Alichanganya rangi, akapima kucha, akaridhika, akaenda kupumzika. Kila siku baada ya chakula cha mchana hulala nusu saa kwenye chumba cha ndani, juu ya kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kufa ambacho tumekigeuza kochi. Nilisogea kuchukua kopo nianze kupuliza, nikaona ile kijivu ina bluu. Kidogo tu. Mteja wa kawaida asingejua jina la kasoro, lakini angeona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Nilisimama na kopo mkononi. Nikasikia Baba anakoroma huko ndani, mkoromo wa mtu aliyerudisha usingizi wake baada ya miezi, na nikasema sitamwamsha kwa jambo dogo kama hili. Nikatia matone mawili ya njano na chembe ya nyekundu ili isigeuke kijani. Rangi ikakaa. Mteja alipokuja alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. Jioni Baba aliimba njia nzima kurudi nyumbani, na mimi niliona nimefanya jambo.

Baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yangu ya mchana. Nilimuuma na kumpuliza baba yangu mwenyewe. Yeye akilala, mimi narekebisha. Mwanzo matone mawili, baadaye manne, mwishowe nilikuwa natia njano mpaka nashikwa na hofu. Sikuelewa kwa nini alipenda bluu kiasi kile. Nilijiambia ni uzee, ni uchungu wa Mama, ni taa mbovu, ingawa Baba hakuwahi kupima rangi kwa taa hata siku moja. Alipima mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Na niseme lililo baya zaidi: nilifurahia. Watu walisifu jicho lake na mimi pembeni nilijua ni langu. Kuna utamu katika kusifiwa kwa siri, na mimi niliulamba.

Yalikuwepo mengine. Baba alianza kugonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Nilihamisha rafu iliyokuwa hapo, nikampa nafasi zaidi, na mlango nikauacha wazi kutwa. Alikanyaga mikebe iliyowekwa upande huo; nikahamishia mikebe upande wa pili. Ndani ya mwaka nilikuwa nimeipanga karakana yote upya, na yeye alinisifu kwa usafi.

Dada yangu mkubwa alipokuja kututembelea alikaa siku mbili tu akaona. Alimwona Baba akimimina chai kando ya kikombe. Alinivuta uani, akaniambia Baba haoni vizuri, nimpeleke hospitali. Nilimjibu kwamba yeye anakuja mara mbili kwa mwaka halafu anatoa amri kama daktari wa zamu. Nikamwambia chai humwagika hata kwa vijana. Dada si mtu wa kugombana. Alifunga mkoba wake, akaondoka kesho yake asubuhi, na katika simu zilizofuata hakuligusa tena suala hilo. Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Basi tukaenda hivyo mpaka alipokuja Mwalimu.

Alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Gari lake lilikuwa refu na zito, la kijani kilichoiva, la zamani lakini la wakubwa wa enzi hizo. Milango yake ukiifunga inatoa sauti ya kabati la nguo. Lilikuwa la marehemu kaka yake, na marehemu alivuta sigara kama anayelipwa. Moshi na jua vilikuwa vimeshirikiana. Nguzo zote za ndani, vishikio vya milango, kingo za dari, vifuniko vya mikanda, vyote vilikuwa manjano ya usaha, na sehemu nyingine kahawia. Mwalimu alisema anataka kuliendesha mpaka siku watakapomnyang'anya leseni, na hawezi kuendesha ndani ya jino bovu.

Halafu alitoa kiti cha kukunja kutoka kwenye buti, akakiweka katikati ya karakana, akaketi na gazeti lenye fumbo la maneno. Gereji moja, alieleza bila hasira, iliwahi kumbadilishia vipuri alipokwenda chooni. Tangu hapo gari lake likiingia kwa fundi, na yeye anaingia. Baba alipendezwa naye papo hapo. Mimi niliwaza nusu saa yangu ya mchana.

Siku ya kwanza na ya pili hazikuwa na shida. Tulifungua plastiki, tukaziosha kwa sabuni na spiriti mpaka maji yakaacha kuwa na rangi ya chai, tukapiga msasa mwembamba, tukapaka rangi ya msingi. Mwalimu alijaza fumbo lake na kutuuliza maneno. Baba alimjibu yote, hata asiyoyajua.

Siku ya tatu Baba alichanganya. Alipima kucha, akasimama mlangoni muda mrefu, akarudi akatia tone la bluu. Akapima tena. Akatia jingine. Nilihesabu matone saba ya bluu kwenye kopo lisilostahili hata moja na nusu. Nilipoitazama kucha yake ilikuwa kama ya mtu aliyejibana mlangoni. Yeye alitabasamu.

"Imepotea," alisema, akainyoosha kucha nione.

"Imepotea, Baba."

Tukala. Akaenda kulala. Mwalimu hakusogea.

Nilimwambia mtaani kuna duka lenye soda baridi. Akasema hanywi soda. Nikamwambia jua limehamia upande wake, ahamie kule ndani penye kivuli. Akasema jua analipenda. Nilijitia kusafisha meza, nikalisogeza kopo mpaka kwenye pembe, nikampa mgongo, nikafungua chupa ya njano. Nilikuwa nimeshatia tone la tatu niliposikia sauti yake nyuma yangu, taratibu, ile sauti ya mtu aliyesimamia mitihani maisha yake yote.

"Baba yako amekuagiza hivyo?"

Ningesema ndiyo yangekwisha. Lakini niliogopa kwamba Baba akiamka Mwalimu atamwambia, kwa mazungumzo tu, kwamba binti alimalizia rangi vizuri kama alivyoagizwa. Nikasema hapana, nilikuwa nakoroga tu. Nikafunga chupa. Kopo likabaki na bluu yake, na mimi sikuligusa tena kwa sababu macho ya yule mama yalikuwa mgongoni mwangu kama kaa la moto.

Baba akaamka, akanawa uso, akapuliza nguzo ya kwanza, ile ya mbele upande wa abiria. Mkono wake ulikuwa mwepesi bado, rangi ilitandaa bila hata chozi moja. Ilipokauka akaifunga mahali pake ili Mwalimu aone mfano kabla hatujaendelea na zilizobaki.

Mwalimu aliinuka, akavaa miwani, akainama ndani ya gari. Alikaa humo kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alisema, "Fundi, nguzo hii ni ya samawati."

Baba alicheka. Hakumcheka yeye, alicheka kama mtu anayejua dawa. Alinifundisha zamani kwamba mteja akisema rangi haikukaa, fundi habishani, wanatoka nje wote wawili wakatazame juani. Akaifungua nguzo, akaitoa mpaka ukingo wa barabara, akaiweka kando ya kile kifuniko ambacho jua halikukifikia. Mwalimu akatoka. Mimi nikafuata. Fundi wa betri, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, alinyoosha shingo kuona kuna nini. Alitazama ile plastiki mara moja, akamtazama Baba, na mtu yule ambaye hajawahi kukosa la kusema akakumbuka ana kazi ndani. Hapo nilijua kwamba mtaa ulikuwa unajua siku nyingi, na kila mmoja alikuwa ananiachia mimi.

Juani ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi.

"Mama," Baba aliniita. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Njoo umwambie Mwalimu."

Mwalimu alinigeukia. Alikuwa ameniona na chupa ya njano. Alijua kwamba ninajua. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mchana kweupe, mbele ya shahidi, na ukweli wenyewe umelala pale kwenye mikono ya Baba. Niliutazama uso wake, umetulia, unanisubiri mimi nimalize utani.

Nikasema, "Iko sawa, Baba."

Mwalimu hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka lake la begani, polepole, akaivaa tena. Nilidhani atanivua nguo pale barabarani. Badala yake alisema, "Basi ni macho yangu."

Baba hakupenda ushindi wa namna hiyo. Akamuuliza, kwa adabu, macho yake yana nini.

"Sasa hayana kitu, yalipasuliwa mwaka jana," Mwalimu alisema. "Lakini kabla ya hapo, Fundi, yalinitia aibu. Nilikuwa nikifua shuka nyeupe naziona zina unjano. Natia buluu ya kufulia, naanika, bado naziona chafu. Narudia, natia buluu tena. Siku moja mjukuu wangu akaniuliza kwa nini siku hizi tunalalia mbingu."

Baba alicheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika, na nikaona midomo yake imebaki wazi.

"Daktari akasema ni mtoto wa jicho," Mwalimu aliendelea, hakumtazama mtu. "Ugonjwa huo unafunika mboni kama kioo chenye moshi. Kila cheupe unakiona manjano. Na wewe unahangaika kuusafisha unjano ambao uko ndani yako mwenyewe."

Baba aliishusha nguzo kwenye kiti cha kukunja cha Mwalimu. Akaingia ndani, akagonga bega, akaenda kwenye rafu ya rangi. Alichukua chupa ya bluu akaitikisa sikioni. Sisi chupa ya bluu hutuchukua mwaka na zaidi, kwa sababu haitumiki ila kwa kijiti. Alihesabu kwa vidole chupa tupu zilizosimama nyuma, tatu. Kisha akachukua ya njano, akaiona mpya, akaiona na nyenzake tupu ambazo yeye hakumbuki kuzimaliza. Zilikuwa nne. Sijui kwa nini sikuzitupa. Nadhani hakuna mtu aliyenitisha kiasi cha kunifanya nifiche vizuri.

Alirudi mlangoni amezishika mbili, ya bluu mkono huu na ya njano mkono huu.

"Mama. Nguzo ni rangi gani?"

"Samawati, Baba."

Alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayepokea kipimo. Akaviweka vile vichupa chini, akavua kofia, akaketi kwenye kizingiti na kuiangalia kucha yake. Nilitaka kumshika nikaogopa. Mwalimu ndiye aliyemwinua, akamwambia hospitali ya macho aliyotibiwa yeye hupokea watu asubuhi, na kesho atatupitia saa moja.

Alitupitia kwa gari lilelile, nusu limevuliwa, waya zinaning'inia, na nguzo moja tu imevaa. Baba alikaa mbele kando ya ile nguzo. Njia nzima alikuwa akiigusa kwa kidole, anapanda, anashuka. Mwalimu aliongea habari za foleni. Mimi nyuma nilikuwa nimebeba mkoba wa Baba mapajani na sikumbuki hata barabara tuliyopita.

Walimtia dawa machoni, wakamsubirisha, wakamlaza kidevu kwenye mashine moja na nyingine. Kuna mashine ambayo mtu anatakiwa abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa kioo. Jicho la kulia lilibonyeza vizuri, likikosa hapa na pale. Walipofunika la kulia na kubakiza la kushoto, kidole chake kilikaa juu ya kitufe, tayari, kwa adabu, na hakikubonyeza. Nukta zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine. Mimi niliziona.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alitueleza bila kuzunguka. Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili.

"Mtoto wa jicho mwenyewe hana neno," alisema. "Huyo tutamtoa, rangi zitarudi. Aliyeharibu ni mwingine, alikuwa amejificha nyuma yake. Ni presha ya jicho. Hii haiumi, inakula pembeni kidogo kidogo. La kulia tumeliwahi. La kushoto mshipa wake umeshakufa, na uliokwenda haurudi."

Hakujua jina langu la mtaani, wala hakukusudia kitu. Nilimtazama Baba nikitumaini atafanya mzaha wake, maana hakuna siku aliyouacha mzaha ule ukapita. Aliuacha.

Daktari akafungua faili, akamuuliza Baba mabadiliko yalianza lini.

"Mimi sikuona mabadiliko," Baba alisema. "Muulize huyu. Yeye ndiye alikuwa anaona kwa niaba yangu."

Hakusema kwa ukali. Ningeshukuru angesema kwa ukali. Daktari alinigeukia na kalamu. Jibu la uongo nilikuwa nalo tayari, lilikuja lenyewe kwa mazoea: miezi miwili, mitatu hivi. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Mwaka mmoja na nusu," nilisema.

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungekuja wakati ule. Alisema haisaidii kujua mambo hayo sasa. Nikamwambia aniambie tu. Alimtazama Baba kwanza, kama anayeomba ruhusa, na Baba akainamisha kichwa.

"Mngekuja wakati ule," alisema, "angekuwa na macho mawili."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri dawa. Mwalimu alikwenda kuleta gari. Alikuwa na akili ya kutuacha. Watu walipita na viatu vyao, muuguzi aliita majina ambayo si yetu. Baba aliweka mikono juu ya magoti.

"Ile paneli ya kijivu," alisema baadaye. "Ya yule aliyenishika mikono."

"Ndiyo, Baba."

"Na viti vya ngozi vya yule mama wa benki?"

"Na hivyo."

"Na dashibodi nyekundu?"

Dashibodi nyekundu alikuwa ameizungumzia mwaka mzima. Kila mgeni aliyeingia alihadithiwa. Nikamwambia na hiyo. Alizipitia kazi zake moja moja, na nilijua kila anayoifikia anainyang'anywa. Nilikuwa nimempokonya jicho, na sasa nampokonya hata yale aliyodhani ameyafanya nalo.

"Ulichanganya vizuri," alisema.

Hapo nililia. Sikulia kwa ustaarabu, watu waligeuka. Nilisema nisamehe, nikasema niliogopa kumvunja, nikasema Mama alikuwa ametoka kufa na yeye alikuwa ameanza kuimba. Maneno yote niliyokuwa nimejifariji nayo mwaka mmoja na nusu niliyatoa pale, na yalipotoka nje nikayasikia yalivyo madogo. Baba alisubiri niishiwe.

"Ungeniambia, ningekasirika," alisema. "Unanijua. Ningekasirika wiki nzima, labda mbili. Nisingekusemesha. Halafu ningekuja hapa."

Niliona mkono wake umeinuka kutoka gotini, unapapasa benchi kati yetu, haunipati. Aligeuza uso akanitafuta, akapita juu yangu, akarudi.

"Hamia upande huu, mama," alisema. "Huko sikuoni."